Kinywa Kikavu Usiku: Mashine ya Kupumulia Isifungiwe Sandukuni

Kila kambi ya askari ina sauti zake za usiku. Husikika nyayo za mlinzi akibadilisha zamu, mtoto akililia maziwa, mbwa akibweka nyuma ya jiko, na katika nyumba moja au mbili husikika koroma kubwa inayovuka ukuta na kuwaamsha majirani. Asubuhi watu huicheka koroma hiyo kama wanavyocheka jambo la mzaha. Lakini mke alalaye kando ya mkoromaji huwa hacheki, kwa kuwa yeye husikia jambo ambalo majirani hawalisikii: koroma hukatika ghafla, kifua kikahangaika bila hewa kuingia, kimya kikatanda, kisha mtu akashtuka kwa mkoromo mkubwa kama aliyeibuka kutoka majini.

Huo ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea, na kwa baadhi ya watu njia ya hewa huziba kabisa au nusu. Madaktari huhesabu kuwa pumzi imekatika inaposimama kwa sekunde 10 au zaidi. Ikiwa jambo hilo hutokea mara 5 hadi 14 kwa saa, ugonjwa huhesabiwa kuwa mwepesi. Mara 15 hadi 29 ni wa wastani. Na mara 30 au zaidi ni mkali. Mwenye ugonjwa mkali huweza kuzinduka mamia ya mara kwa usiku mmoja bila yeye mwenyewe kujua. Huamka na kichwa kizito, husinzia mchana, husahau maagizo, hukasirika upesi, na mara nyingi shinikizo la damu yake huwa juu. Akiwa ni dereva, hatari si yake peke yake, kwani uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kuwa madereva wenye ugonjwa huu wasiotibiwa hupata ajali zaidi ya mara mbili kuliko madereva wengine.

Tiba iliyo mashuhuri ya ugonjwa huu ni mashine ndogo ya kupumulia, isukumayo hewa kwa mpira hadi kwenye barakoa iliyofungwa puani, ili hewa hiyo ilizuie koo lisizibe. Mashine hiyo imewaokoa watu wengi. Hata hivyo wako wanaoiacha baada ya siku chache tu, na sababu mojawapo kubwa ni jambo linaloonekana dogo: kinywa kukauka.

SAJINI NA SANDUKU LAKE

Kwa mfano, na achukuliwe sajini mmoja wa polisi, dereva wa lori la kubebea askari, mtu wa makamo, mnene wa shingo, hodari kazini na asiyependa kusikia habari za hospitali. Mkewe ndiye aliyemshurutisha aende kupimwa. Ilionekana kwamba pumzi yake hukatika zaidi ya mara 40 kwa saa, naye akapewa mashine pamoja na maelezo ya haraka haraka kuhusu matumizi yake.

Usiku wa kwanza alilala kama mtoto. Usiku wa pili aliamka saa nane ulimi umemgandamana na kaakaa, midomo imepasuka, na koo likiwaka kana kwamba amemeza majivu ya moto. Akanywa maji, akalala, akaamka tena. Usiku wa tano aliivua barakoa, akaifunga mashine katika sanduku la bati lililo chini ya kitanda, akageukia ukutani. Wenzake walipomwuliza habari za tiba, alijibu kwa sauti ya kijeshi kwamba kila kitu ni sawasawa.

Mkewe alijua kuwa si sawasawa, kwa kuwa koroma ilikuwa imerudi. Alinyamaza kwa kumstahi. Ikafika alfajiri moja ambapo lori lilikuwa limejaa vijana wanaopelekwa kazini, nalo likasimama langoni kungoja kizuizi kiinuliwe. Katika dakika hiyo moja ya kungoja, sajini alisinzia. Mguu wake ukaondoka kwenye breki, lori likaserereka mbele polepole na kugonga nguzo ya lango. Hakuna aliyeumia. Vijana walicheka wakidhani ni utelezi wa umande. Sajini hakucheka. Alikuwa amekumbuka mteremko uliokuwa mbele yao, maili chache kutoka hapo.

Jioni ile mkewe alilivuta sanduku kutoka uvunguni, akaliweka mbele yake.

"Baba watoto," alisema, "hiki si kitu cha kuwekwa pamoja na blanketi za akiba. Kama kinakuumiza, twende tukaulize kinaumiza kwa nini."

"Mama, kinanikausha kinywa," alijibu sajini. "Nikiamka siwezi hata kumeza mate."

"Basi hilo ndilo la kuuliza. Kukauka kinywa kuna dawa. Lori likiingia bondeni na watoto wa watu, hilo nani atalipatia dawa?"

Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho yake wakafunga safari kwenda hospitali, na mashine mkononi.

MAHALI MASHINE ILIPOANZIA

Kabla ya kueleza waliyoambiwa huko, yafaa ifahamike kwamba shida ya ukavu ina umri sawa na mashine yenyewe. Zamani, tiba iliyojulikana kwa mgonjwa mahututi wa kukatika pumzi ilikuwa kumtoboa koo na kumtia bomba la kupumulia. Mwezi wa Juni 1980, katika mji wa Sydney huko Australia, Daktari Colin Sullivan alimjaribu mgonjwa mmoja ambaye hakutaka kutobolewa koo. Alitumia mota ya kupuliza hewa, mipira, na kifuniko cha pua kilichogandishwa usoni kwa gundi ya hospitali. Mgonjwa alilala usiku kucha na pumzi yake haikukatika. Mwaka 1981 Sullivan na wenzake waliandika habari za wagonjwa watano katika jarida la tiba The Lancet la Uingereza, na tangu hapo tiba hiyo ikaenea duniani.

Mashine za mwanzo zilikuwa nzito na zenye kelele nyingi. Za leo ni ndogo kiasi cha kuwekwa juu ya kiti kando ya kitanda, tena nyingi hazina kelele kubwa. Lakini kazi yao ni ile ile: kusukuma hewa. Kipimo cha msukumo huo kwa kawaida huwa kati ya sentimita 4 na 20 za maji, nacho huchaguliwa na mganga kwa kila mgonjwa. Na hewa inaposukumwa usiku kucha juu ya kitu chenye unyevu, kitu hicho hukauka, kama nguo inavyokauka penye upepo.

KWA NINI KINYWA HUKAUKA

Mwenyezi Mungu amempa mwanadamu pua ili iipashe hewa joto na kuitia unyevu kabla haijafika mapafuni. Mtu apumuapo nje kwa pua, sehemu ya unyevu ule hurudishwa katika utando wa pua, ukangoja pumzi ifuatayo. Huo ni uchumi mzuri wa mwili.

Sasa mtu aliyevaa barakoa ya pua akifungua kinywa usingizini, uchumi huo huvurugika. Hewa huingia kwa pua na kutokea kinywani, tena kwa kasi, wala hairudi nyuma. Pua hutoa unyevu bila kurudishiwa. Utando wake hukauka, huvimba, na njia hubana. Pua ikibana, mtu hufungua kinywa zaidi. Akifungua kinywa zaidi, pua huzidi kukauka. Ni mzunguko usio na mwisho. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996, wataalamu wa Sydney waliwapima watu waliokuwa wakitumia mashine hali wamefungua kinywa, wakaona kuwa upinzani wa hewa puani uliongezeka sana. Lakini hewa ilipotiwa mvuke wa maji ya moto, taabu hiyo ilipungua sana.

Jambo la pili ni mate. Mtu mzima hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu hivi kwa siku, lakini alalapo mate hupungua mno. Mate husafisha meno, hupunguza ukali wa asidi, na huzuia vijidudu visizidi. Kwa hiyo mwenye kuamka na kinywa kikavu kila siku asione kuwa ni suala la kiu tu. Meno yake yamo katika hatari ya kuoza na fizi zake kuuma.

MUUGUZI AULIZA MASWALI MATATU

Muuguzi aliyempokea sajini hakumgombeza. Aliunganisha mashine na umeme, akabonyeza vitufe, akasoma kwenye kioo chake kidogo. Mashine nyingi za sasa huhifadhi hesabu ya saa zilizotumika, na pia hewa iliyovuja.

"Afande," alisema, "mashine yasema umelala nayo usiku nne tu, na hewa imevuja sana."

Sajini aliyekwisha kuwaambia wenzake kuwa kila kitu ni sawasawa aliinamisha macho. Muuguzi akaendelea kama kwamba hakuona, akauliza maswali matatu ambayo kila mwenye mashine yampasa kujiuliza.

Kwanza, je, pua iko wazi? Sajini alikuwa dereva wa barabara za vumbi, na pua yake ilikuwa imeziba tangu kiangazi kilipoanza. Pili, je, anatumia dawa gani? Alikuwa akinunua dukani vidonge vya mafua ili pua ifunguke, na vidonge vingi vya namna hiyo hukausha mate. Tatu, je, tangi la maji la mashine hujazwa? Hapo mkewe ndiye aliyejibu: tangi halijapata kutiwa maji hata siku moja, kwa sababu sajini alihofu kuwa maji na umeme havikai pamoja.

Basi sababu za ukavu zilikuwa tatu, na hakuna hata moja iliyohitaji mashine itupwe.

TANGI LA MAJI NA JOTO LAKE

Dawa ya kwanza ya ukavu ni tangi la maji lenye kipasha joto. Hewa hupita juu ya maji yenye uvuguvugu, ikachukua mvuke, ikamfikia mlalaji ikiwa laini. Mwenye mashine na aanze na kipimo cha kati, kisha akiamka mkavu apandishe hatua moja usiku unaofuata, na asubiri siku mbili tatu kabla ya kupandisha tena.

Mahali anapokaa mtu pana maana. Katika nchi kavu kama Karamoja wakati wa kiangazi, hewa yenyewe haina unyevu, na tangi litahitaji joto zaidi na maji zaidi. Katika nchi ya milima na baridi kama Kabale, shida hugeuka: mvuke wa moto hupita katika mpira uliopoa, ukawa matone, na matone yakamdondokea mtu puani akaamka akipaliwa. Hapo yafaa mpira ufunikwe kwa kitambaa cha sufu au upitishwe chini ya blanketi, au joto lipunguzwe kidogo. Zipo pia mashine zenye mpira unaopashwa joto wenyewe.

Mashine yenyewe na iwekwe chini ya usawa wa kichwa cha mlalaji, mahali palipo sawa, ili maji yasitiririke kuelekea puani. Wala isibebwe hata hatua mbili hali tangi lina maji, kwani maji yakiingia kwenye mota, mashine huharibika. Askari anayehamishwa au anayekwenda safari na alimwage maji kwanza, akaushe tangi, ndipo afunge mzigo.

MAJI GANI YATUMIKE

Maji yanayofaa zaidi ni yale yaliyochemshwa hadi yakawa mvuke, kisha mvuke ukapozwa ukawa maji tena. Maji hayo hayana chokaa wala chumvi. Maji yaliyochemshwa tu jikoni hufa vijidudu vyake, lakini chokaa hubaki. Ikiwa yale bora hayapatikani kwa siku kadhaa, maji yaliyochemka barabara na kupoa ni afadhali kuliko ya bomba. Bali tangi litapata ukoko mweupe mapema, na ni lazima lisafishwe mara kwa mara. Ukoko huo huondolewa kwa siki nyeupe, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji, kisha tangi lisuuzwe sana.

Madereva na mafundi wa magari na waonywe hapa kwa mkazo. Maji ya betri yauzwayo kwenye vituo vya petroli si ya kupumulia. Hayakutengenezwa kwa ajili ya mapafu ya mtu, na katika maduka mengine chupa ya maji ya betri hukaa bega kwa bega na chupa ya asidi ya betri. Kosa moja la mkono laweza kuleta msiba.

Vilevile asitie mtu majani yenye harufu, mafuta ya kuchua, manukato wala dawa ya mafua ndani ya tangi. Vitu hivyo vikichukuliwa na hewa huweza kuumiza mapafu. Ni maji matupu tu.

KINYWA KIFUNGWE KWA NJIA YA SALAMA

Tangi likijazwa na ukavu ukaendelea, basi mke au ndugu amtazame mgonjwa usiku. Je, kinywa kiko wazi? Je, hewa inasikika ikitoka midomoni? Shahidi wa usiku ni yule aliye macho; mgonjwa mwenyewe hawezi kujua.

Pua iliyoziba itibiwe kwanza. Kuosha pua kwa maji ya chumvi kabla ya kulala husaidia wengi: robo ya kijiko cha chai cha chumvi safi katika glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa yasitumike kuoshea pua kamwe. Pua isipofunguka kwa muda mrefu, mganga na aitazame, kwa maana huenda pana mzio, nyama za pua au mfupa uliopinda.

Upo ukanda wa kitambaa uzungukao kidevu na kupanda juu ya kichwa, ambao huwasaidia baadhi ya watu kufunga kinywa. Hauwafai wote, na haufai kwa mtu ambaye pua yake haipitishi hewa. Ipo pia barakoa kubwa inayofunika pua na kinywa pamoja. Kwa yule asiyeweza kupumua kwa pua, hii huwa msaada. Lakini isipokaa sawa huvuja pembeni, hewa ikapiga macho na kuyakausha. Watu wengine hufanya kosa la kuzikaza kamba za barakoa mpaka uso ukapata alama. Barakoa iliyokazwa mno huvuja zaidi. Ivaliwe mtu akiwa amelala chali, mashine ikiwa imewashwa, kisha kamba zikazwe kidogo kidogo hadi mvumo ukome.

Kubandika kinywa kwa plasta, kama wengine wanavyoshauriana, ni jambo lisilopasa kufanywa bila idhini ya mganga. Mtu akitapika usiku, au pua ikiziba, au umeme ukikatika, plasta hiyo yaweza kuwa hatari kuliko ugonjwa.

Pia isidhaniwe kwamba ukavu utaondoka kwa mtu kujipunguzia msukumo wa hewa kwa kubahatisha. Msukumo mdogo mno huacha koo lizibe kama zamani. Lakini mganga akipata habari za uvujaji, yeye aweza kuurekebisha, au kuiweka mashine ianze taratibu na kupanda polepole wakati mtu anaposinzia.

WAJIBU WA NYUMBANI

Mama wa nyumbani ana nafasi kubwa katika tiba hii, na watoto pia waweza kufundishwa. Kila asubuhi maji yaliyobaki yamwagwe, wala yasilazwe hata usiku wa pili. Sehemu ya barakoa inayogusa ngozi ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, isuuzwe, ianikwe kivulini. Mara moja kwa juma mpira na tangi vioshwe vivyo hivyo. Kichujio cha hewa kitazamwe mara kwa mara, hasa penye vumbi. Kikiwa cheusi kibadilishwe. Dawa kali za kufulia au za kuulia vijidudu zisitumike, kwani harufu yake hubaki na kuvutwa usiku kucha.

Vaselini na mafuta mengine ya kujipaka yasipakwe puani wala chini ya barakoa. Mafuta huuharibu mpira laini wa barakoa, na yakivutwa kwa muda mrefu huweza kuingia mapafuni. Kwa midomo iliyopasuka na pua kavu, duka la dawa lina malhamu zisizo na mafuta.

Kando ya kitanda iwekwe glasi ya maji yenye kifuniko, ili mtu aamkaye mkavu apige funda moja na kulala tena bila kuivua barakoa moja kwa moja. Mchana anywe maji ya kutosha. Jioni aepuke sigara na waragi. Pombe hukausha mwili, tena hulegeza misuli ya koo, hivyo huuchochea ugonjwa wenyewe ambao mashine imeletwa kuuzuia. Meno yapigwe mswaki kwa dawa yenye floraidi asubuhi na kabla ya kulala, na baada ya hapo pasilambwe kitu cha sukari.

Umeme nao hukatika. Mwenye betri ya akiba akumbuke kuwa kipasha joto hula nguvu nyingi kuliko mota. Akilala kwa betri aweza kulizima joto na kuiacha hewa iendelee, maana usiku mmoja wa kinywa kikavu ni afadhali kuliko usiku wa kukatika pumzi.

Anayenunua mashine iliyokwisha tumika kutoka ng'ambo na awe macho. Mwezi wa Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirudisha mamilioni ya mashine zake za kupumulia kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele iliweza kumomonyoka na chembe zake kuvutwa na mtumiaji. Kabla ya kutoa fedha, aina ya mashine na namba yake vichunguzwe na mtu ajuaye.

WAKATI WA KURUDI KWA MGANGA

Si kila ukavu huletwa na mashine. Dawa za mzio, baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kutuliza akili hukausha kinywa. Mtu asiache dawa aliyoandikiwa kwa uamuzi wake mwenyewe. Bali aende nazo zote mfukoni, mganga azione. Ikiwa kinywa ni kikavu hata mchana, kiu haikatiki na mkojo ni mwingi, damu ipimwe sukari. Utando mweupe ulimini, vidonda visivyopona, au pua inayotoka damu mara kwa mara ni ishara za kutongoja.

SAJINI ARUDI KAZINI

Sajini alirudi nyumbani na pua iliyooshwa, bila vidonge vya dukani, na barakoa iliyopimwa upya. Mkewe akalijaza tangi mbele ya watoto. Usiku ule bado aliamka mara moja, mkavu kidogo. Akapiga funda la maji, akalala. Baada ya juma moja alikuwa akilala saa sita mfululizo.

Lakini lilibaki jambo moja zito kuliko ukavu. Ilimpasa kumweleza mkuu wake kilichotokea langoni. Alijua kwamba huenda akaondolewa kwenye usukani, na dereva asiye na usukani hujiona kama askari asiye na kofia. Akaenda, akasimama wima, akasema kweli yote, pamoja na habari za sanduku. Mkuu alimweka katika kazi ya stoo hadi mganga atakapothibitisha kuwa tiba imeshika. Kwa majuma kadhaa sajini alihesabu blanketi na mabuti, huku kijana mwingine akiliendesha lori lake, naye akalitazama likitoka langoni kila alfajiri.

Siku aliporudishiwa ufunguo, mganga alikuwa ameisoma mashine na kukuta hesabu nzuri ya saa za kila usiku. Sajini alipanda, akarekebisha kioo, akawatazama vijana waliokaa nyuma. Baadhi yao hawakujua lolote. Kwao ilikuwa safari kama safari nyingine. Kizuizi kikainuliwa, lori likapita kando ya nguzo iliyokwaruzwa, likashika barabara.

Wako wengine ambao mashine zao bado zimo masandukuni. Hao na wakumbuke kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tiba iliyokwisha anzwa isiachwe kwa ajili ya kinywa kikavu, kabla pua haijatazamwa, tangi halijajazwa, na mganga hajaulizwa. Na mke asikiaye koroma imerudi asinyamaze kwa kumstahi mumewe, kwani heshima iliyo kubwa kwa askari ni kumwona akirudi nyumbani salama, yeye pamoja na wote aliowachukua.